Nguruwe na kabichi chachu ndani ya sufuria moja: shajara ya mradi

Lengo

Mlo mmoja wa Kijerumani upikwe ndani ya chombo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: nyama ya nguruwe, kabichi chachu (Sauerkraut) na viazi, watu wanne washibe, na vyote vitatu viive sawasawa kwa wakati mmoja. Mapishi mengi ya sufuria moja yanakwama hapo mwishoni. Nyama inalainika na viazi bado vigumu, au viazi vimeiva na kabichi imeshakuwa uji. Chanzo karibu kila mara ni asidi ya kabichi yenyewe, kwa hiyo shajara hii inaifuata hiyo asidi: inavyozaliwa mtungini, inavyofanya kazi motoni, na nini kitangulie kuiva kabla haijaingia.

Kazi inafanyika Filder, uwanda wenye rutuba kusini mwa Stuttgart, ambako kabichi ya kuchachusha ni zao la wenyeji.

Oktoba: kabichi na chumvi

Kabichi ya huku ina umbo la koni, imechongoka juu, na inauzwa kwa jina la Filderspitzkraut. Majani yake ni membamba kuliko ya kabichi ya mviringo, mishipa si minene, na ina utamu zaidi. Shida yake ni kisiki: kinaingia ndani sana, kwa hiyo kinatolewa kwa kisu na mkono. Viwanda vinapenda kabichi ya mviringo ambayo mashine inaitoboa kisiki kwa mara moja, na ndiyo inayojaa kwenye makopo. Oktoba ndio msimu, na mji wa Leinfelden-Echterdingen huifanyia kabichi hii tamasha kila mwaka mwezi huo.

Asiyeipata atumie ya mviringo bila wasiwasi. Aangalie tu iwe nzito kuliko inavyoonekana na majani yamebana. Kabichi iliyokaa sokoni muda mrefu imeshapoteza maji, na mtungi unahitaji maji hayo.

Vipimo vya mtungi: kabichi iliyokwisha kukatwa kilo 5, chumvi gramu 100. Hiyo ni asilimia 2 ya uzito wa kabichi, baada ya kutoa majani ya nje na kisiki. Pima kwa mizani. Kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe vinatofautiana sana uzito, na hapo ndipo mitungi mingi inapoharibikia. Chumvi ikipungua sana kabichi inalegea na kuteleza. Ikizidi asilimia 3 uchachukaji unakokota miguu, na chachu za hewani zinaweza kuitia rangi ya waridi.

Kata nyembamba, milimita 2 hivi. Nyunyiza chumvi tabaka kwa tabaka, kisha kanda kwa mikono hadi ukikamua konzi moja maji yanachuruzika. Kabichi mbichi ya msimu hufika hapo kwa dakika 10 hadi 15. Isipotoa maji, iache nusu saa ukande tena. Chumvi inaendelea kuyavuta hata ukiwa umekaa.

Kilo 5 zinatosha kwenye mtungi wa udongo wa lita 7, ule wenye mfereji wa maji mdomoni. Shindilia kwa ngumi ili hewa itoke, funika kwa jani zima la kabichi, weka mawe ya uzito juu, na hakikisha maji yamepita mawe kwa sentimita 2 au 3. Yakipungua, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa yenye gramu 20 za chumvi kwa lita. Maji matupu hapana, yanashusha asilimia.

Oktoba: siku za mwanzo mtungini

Mtungi umekaa jikoni, nyuzi 18 hadi 20. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mfereji unaguna: povu la gesi linapita chini ya mfuniko na kutokea upande wa pili wa maji. Hiyo ni kaboni dioksaidi, kazi ya bakteria wanaoitwa Leuconostoc mesenteroides. Wanafanya mambo mawili kwa mpigo: wanatengeneza asidi ya kwanza na wanaifukuza hewa. Asidi ikipanda inawazidi nguvu wenyewe, ndipo jamii ya Lactobacillus plantarum, wanaoivumilia zaidi, wanashika kazi na kuimaliza.

Katika siku hizi usifunue mfuniko. Kila ukifunua unaingiza oksijeni, na oksijeni ndiyo inayolisha ukungu. Kazi pekee ni kuangalia mfereji: maji yakikauka mtungi uko wazi. Jaza kila unapopita.

Gesi ilipotulia mtungi ulishushwa stoo ya chini, nyuzi 15. Baridi inapunguza kasi na kuiacha kabichi ikilia menoni. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako jikoni ni nyuzi 28 hadi 32, mtungi utachacha ndani ya wiki moja tu, uwe mkali na laini kupita kiasi. Huko tumia asilimia 2.5 ya chumvi, fanya kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo, na uhamishie kwenye friji siku ya tano hadi ya saba. Wa Lushoto, Njombe au Limuru wanaweza kufuata ratiba ya Filder karibu kama ilivyo.

Novemba: kufungua mtungi

Baada ya wiki tano kabichi ina rangi ya manjano hafifu, inang'aa, ina harufu kali safi, na ukiitafuna inalia. Karatasi ya kupima asidi inaonyesha pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imepanda) kati ya 3 na 4. Chini ya 4 ndipo tunapopataka kwa usalama na kwa ladha.

Juu ya maji kulikuwa na utando mweupe, bapa, usio na manyoya. Hiyo ni hamira ya hewani; inaenguliwa kwa kijiko na kabichi iliyo chini ya maji haina tatizo. Ukungu wenye manyoya, au wenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi, ni habari nyingine: mwaga. Kabichi inayovutika utelezi mwanzoni mara nyingi hujirekebisha ikiachwa muda zaidi, lakini iliyolegea hadi inasagika vidoleni haitarudi.

Anayenunua dukani Ujerumani atakutana na aina mbili. Ya kopo au chupa imeshapashwa moto, imelainika, na inahitaji dakika 30 hadi 40 tu sufuriani. Ya pipa, inayouzwa kwa kupimwa mabuchani na sokoni, bado ni mbichi na inataka saa nzima au zaidi. Ukiwa na ya kopo, punguza muda wa kabichi, usipunguze wa nyama: anza na nyama na mchuzi, kabichi iingie katikati ya safari.

Novemba: chombo

Sufuria pana ya chuma cha pua, kipenyo sentimita 30, kina sentimita 8, tako nene, mfuniko unaobana. Ya enameli ni nzuri vilevile. Sufuria za alumini ambazo ziko kila jiko la Afrika Mashariki hazifai hapa: asidi inaila alumini, chakula kinabeba ladha ya chuma na sufuria inabaki na madoa. Kikaango cha chuma kizito kisicho na enameli kinaipaka kabichi rangi ya kijivu na ladha ileile. Kukaangia nyama ndani yake ni sawa, kukaa na kabichi saa moja si sawa.

Novemba: nyama

Shingo ya nguruwe, Schweinenacken, gramu 900, vipande vya sentimita 4. Shingo ina mafuta yaliyopita katikati ya misuli na ina utando mwingi, na utando ndio unaogeuka ulaini na kuupa mchuzi unene. Kiuno, ile nyama nyeupe ya mgongoni, kina utando kidogo: baada ya saa moja kinakuwa nyuzi kavu, hata kikiwa kimezama kwenye mchuzi. Bega linafaa. Mguu wa nyuma ni mkavu kwa kazi hii.

Chumvi gramu 9 kwa nyama yote, itiwe usiku uliotangulia, nyama ikae kwenye friji bila kufunikwa ili ngozi ya juu ikauke. Hesabu ya chumvi ifanyike mapema, maana kabichi inakuja nayo. Gramu 800 za kabichi zimebeba takriban gramu 15, bekoni 4, nyama 9. Jumla ni 28 kwenye chakula cha kilo 3 na robo, chini kidogo ya asilimia 1. Hapo pametulia. Ukiacha chumvi kidogo ya maji ya viazi, yanayomwagwa, hakuna chumvi nyingine itakayoingia sufuriani baadaye, na mchuzi wa mifupa uwe usio na chumvi.

Anayenunua nyama Afrika Mashariki atafute yenye muhuri wa mkaguzi; tegu wa nguruwe bado yupo. Shingo katika mapishi haya inafika nyuzi 90 katikati, joto lisiloacha mdudu.

Novemba: viazi, kiini cha tatizo

Sufuria ya kulinganisha iliwekwa makusudi kwa njia inayoandikwa mara nyingi: viazi vibichi vilivyomenywa, vipande vya sentimita 3, vimechanganywa ndani ya kabichi tangu mwanzo. Nyama ilipolainika, viazi vilivyozama bado vilikuwa na kona zilizochongoka kama vilivyokatwa, kisu kikiingia kinakwaruza, na katikati pana kiini kigumu, kizito. Vile vichache vilivyobaki juu ya kabichi, vikipigwa na mvuke tu, vilikuwa vimeiva kabisa. Sufuria moja, moto mmoja, muda mmoja.

Sababu iko kwenye pektini, gundi inayoshikanisha seli za mmea. Kwenye maji ya kawaida ya moto pektini inavunjika na kiazi kinalainika. Kwenye asidi ya karibu na pH 4 inavunjika polepole mno. Kila aliyewahi kutia nyanya mapema kwenye maharage yasiyoiva analijua jambo hili. Kuongeza muda hakusaidii sana: kabichi na nyama vinapita kiwango huku viazi vikisitasita.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni kuweka viazi vibichi juu kabisa, juu ya mstari wa mchuzi, viive kwa mvuke kwa dakika 45. Inahitaji mfuniko unaobana kweli, na viazi havipati ladha ya chini. Ya pili, tuliyoichagua, ni kuvichemsha kwanza ndani ya sufuria ileile kabla ya kazi nyingine yoyote, kuvitoa, na kuvirudisha mwishoni. Kiazi kilichokwisha kuiva hakirudi kuwa kigumu. Kinanyonya mchuzi na kubaki kizima. Tumia aina isiyomumunyika, festkochend kwenye mfuko wa Kijerumani.

Kitunguu nacho kinafuata sheria hiyohiyo. Kikiingia pamoja na kabichi kinabaki kinalia menoni hadi mwisho. Kilainishwe kabla.

Novemba: mpango uliosimama

Mahitaji, watu wanne:

- shingo ya nguruwe gramu 900, imetiwa chumvi gramu 9
- kabichi chachu mbichi gramu 800, imekamuliwa kidogo, maji yake yamehifadhiwa
- viazi gramu 700, na kimoja kidogo cha gramu 80 pembeni
- bekoni ya moshi gramu 150, mafuta ya nguruwe gramu 20
- vitunguu maji gramu 200, tufaha moja chachu (Boskoop ni zuri)
- mvinyo mweupe usio mtamu, Riesling, mililita 150. Mchuzi wa mifupa mililita 200
- punje 6 za mreteni, kijiko cha chai cha kisibiti, majani 2 ya laureli, karafuu 3

Kuhusu viungo, mawili ya kuangalia. Kisibiti kwenye paketi ya Kijerumani ni Kümmel. Kreuzkümmel ni bizari nyembamba, na sufuria yenye bizari nyembamba ni chakula kingine kabisa. Mreteni ni Wacholderbeeren. Ziponde kwa ubapa wa kisu ndipo zitoe harufu. Matunda ya mtarakwa wa milima ya kwetu si badala yake, ingawa ni jamaa wa karibu. Karafuu zichomekwe kwenye nusu kitunguu ili zitolewe kwa urahisi: moja ikisagikia ndani inatawala sufuria nzima.

Viazi vinakatwa nusu na kuchemshwa kwa maji yenye chumvi kidogo, dakika 12 baada ya kuanza kuchemka, hadi kisu kipite kikikutana na ukinzani mdogo katikati. Vitoe, vitandaze vikauke. Mwaga maji, kausha sufuria.

Mafuta na bekoni moto wa wastani, dakika 6, bekoni itoke. Panguza nyama kwa karatasi ya jikoni, kaanga kwa mafungu mawili, dakika 4 kila upande. Ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji na kuchemka ndani ya maji yake. Inakuwa ya kijivu na hakuna ukoko wa kahawia chini. Ukoko huo ndio rangi na ladha ya mchuzi wote, kwa hiyo usiwe na haraka hapa. Kipande kisichobanduka bado hakijawa tayari kugeuzwa.

Nyama itoke, moto ushuke, vitunguu viingie. Dakika 10, hadi viwe laini na vinapenyeza nuru. Viungo dakika moja. Mimina mvinyo, kwangua ukoko wote kwa mwiko wa mbao, uache upungue nusu. Wasiotumia mvinyo waweke mililita 100 za juisi ya tufaha na 50 za maji, na tufaha liwe nusu tu.

Kabichi inachambuliwa kwa uma, maana imeshikana, kisha inaingia na tufaha lililokatwa na mchuzi. Kimiminika kifike nusu ya kimo cha kabichi, si zaidi. Kikifunika kabichi unapata supu. Nyama izikwe katikati ya kabichi, isiguse chini, maana inashika na kuungua. Mfuniko, moto mdogo kabisa unaotokota taratibu, au oveni nyuzi 160, dakika 60.

Hapo paruza kile kiazi kidogo kibichi na ukichanganye ndani. Wanga wake unaunganisha mchuzi na kuipa kabichi mng'ao. Asidi haizuii wanga kuvimba, ndiyo maana kiazi kilichoparuzwa kinafanya kazi mahali ambapo kipande kingekataa. Panga viazi vilivyochemshwa na bekoni juu, funika, dakika 20 nyingine. Uma uingie kwenye nyama na kuzunguka bila kulazimishwa. Zima, acha dakika 10.

Sasa onja, ndipo uamue asidi. Watu wengi huosha kabichi kabla ya kupika kwa kuogopa ukali, na wanaosha ladha yote ikaenda na maji. Kamua tu, weka maji yake kwenye kikombe, na mwishoni rudisha kijiko kimoja kimoja. Ikiwa bado kali, kijiko cha chai cha sukari kinatosha. Haradali iwe mezani, isiwe sufuriani.

Desemba: Kassler badala ya shingo

Kassler ni nyama ya nguruwe iliyolazwa kwenye chumvi na kufukizwa moshi, mara nyingi ya kiuno. Ukiiingiza mwanzoni kama shingo, itatoka kavu na sufuria itakuwa chumvi tupu. Mabadiliko: bekoni iondoke, kabichi ipikwe peke yake na viungo kwa dakika 50, vipande vya Kassler vya unene wa sentimita 2 viingie dakika 25 za mwisho pamoja na viazi vilivyochemshwa bila chumvi. Nyama itolewe ikifika nyuzi 65 hadi 68 kwa kipimajoto. Rangi yake haitakuambia kitu: chumvi ya kuhifadhia inaiacha na wekundu hafifu hata ikiwa imeiva.

Bila ukoko wa shingo mchuzi unapungua nguvu. Mafuta ya nguruwe yapande hadi gramu 40, na vitunguu viachwe hadi viwe vya dhahabu.

Desemba: kabichi iliyobaki

Kabichi na nyama hupendeza zaidi kesho yake, baada ya mafuta na asidi kukaa pamoja. Zihamishie kwenye chombo kipana, ziingie friji ndani ya saa 2, zitumike ndani ya siku 3. Viazi vitenganishwe, vikilala ndani ya mchuzi vinakunywa wote na kuwa vizito. Kupasha kuwe kwa moto mdogo na vijiko viwili vya maji.

Mpango unaofuata ni njia ya Kiswabi, yaani ya wenyeji wa eneo hili la Stuttgart: Schupfnudeln, vitonge vya viazi na unga vilivyosokotwa vikachongoka ncha zote mbili, vikaangwe kwa siagi hadi viwe vya dhahabu kwenye sufuria hiyohiyo, ndipo kabichi ya jana iingie. Iwe imekaushwa maji kwanza: gramu 300 za kabichi kwa gramu 500 za vitonge, moto mkali, usikoroge hadi upande wa chini ushike rangi.